Familia nane tunataka kujengeana nyumba Pangani, tufanyeje tusije tukagombana?

Bint Pangani: Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Niko kijijini, wilaya ya Pangani. Familia nane, wakulima wa mihogo na wavuvi, tumekubaliana tujengeane nyumba za tofali na bati. Tunaishi kwenye za miti na udongo. Masika ikikolea ukuta unamomonyoka kwa chini. Hakuna anayemudu fundi peke yake. Kinachonitia hofu si kazi, ni watu. Vikundi vingi huku vimekufa hivihivi: wa kwanza anajengewa, anahamia, zamu ya mwenzake ikifika haonekani. Na tuna wajane wawili, mmoja ni bibi wa umri mkubwa.

Fundi wa Mkulumuzi: Marahaba binti. Msimalize nyumba moja moja. Pandisheni zote kwa hatua: misingi yote, kuta zote, lenta, kisha bati. Fundi mlipeni mmoja tu, wa kupiga kamba, kusimamisha kona na kushika pima maji. Kuchimba, kuchota maji, kukoroga zege na kubeba tofali ni kazi yenu.

Tofali fyatueni wenyewe. Mchanga wa ufukweni msiuguse hata kama uko mlangoni, chumvi inakula nondo na lipu inabanduka. Mfuko mmoja wa simenti utoe tofali 30 hadi 35 za inchi 6; mtu akiwaahidi 50 msimpe kazi. Zikae kivulini, zimwagiliwe asubuhi na jioni wiki nzima. Wengi wanaharibu hapo: tofali limekauka juu, wanalijengea, kumbe ndani bado bichi.

Msafiri wa Tanga: Hatua hizo ndizo wanazotumia vijijini Marekani. Wizara yao ya Kilimo ina mpango wa familia za kipato cha chini, kwa kawaida 4 hadi 10 kwa kikundi. Wanafanya wenyewe takriban asilimia 65 ya kazi, chini ya msimamizi anayejua ujenzi, na hahamii mtu mpaka nyumba zote ziishe. Kule California, bonde la San Joaquin, taasisi ya Self-Help Enterprises inaendesha hayo tangu 1965. Ila wao wana mkopo wa serikali wa riba nafuu. Nyie fedha yenu ni mihogo na samaki, kwa hiyo kila hatua ifuate mavuno.

Mama Muheza: La kutohamia mtu mpaka zote ziishe, kwa huyo bibi silikubali. Ukuta ukimwangukia usiku mtamwambia nini Mungu? Mwezekeeni chumba kimoja kabla ya masika, vingine vingoje zamu. Wala msimtoze zege. Apike, alinde simenti, aangalie watoto, na saa zake ziandikwe kwenye daftari sawasawa na za anayechimba. Daftari lisomwe mbele ya wote kila mkimaliza msaragambo, yaani kazi ya pamoja.

Mtendaji Mstaafu: Ardhi kwanza. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 kila familia iombe hati ya hakimiliki ya kimila, jina la mke na la mume yote yawemo. Wajane waanze wao, maana mashemeji huja nyumba ikishaezekwa. Ile mikopo ya vikundi inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya halmashauri ni ya miradi ya uzalishaji, haijengi nyumba ya mtu. Ila wanawake wenu wakisajili kikundi cha kufyatua na kuuza tofali, hapo wana hoja ya kuombea.

Bint Pangani: Asanteni sana. Kikao ni Jumapili, nitayapeleka yote, na la bibi nitalisimamia mwenyewe. Fundi, mchanga wa mtoni huku karibu na mdomo je, nao una chumvi?

Fundi wa Mkulumuzi: Unayo, bahari inapanda mtoni. Nendeni juu mpaka mkute maji baridi yasiyo na chumvi, muonje kabisa, na muombe kibali cha kuchimba kwanza.