Ng'ombe anatafuna mifupa na mabua hayasagiki tumboni: je, ni upungufu wa fosforasi?

MamaKihamba (Kibosho, Moshi)

Ndugu wanajamvi, nawasalimu. Nina ng'ombe wawili wa maziwa ninaowafuga bandani, na tangu mwezi wa saba, majani yalipoanza kuadimika, nimekuwa nikiwalisha mabua ya mahindi yanayopandishwa kwa gari kutoka shamba letu la tambarare, pamoja na migomba iliyokatwakatwa. Ng'ombe mkubwa, aliyezaa miezi minne iliyopita, ameshuka kutoka lita 12 hadi lita 8 kwa siku, hajaonyesha joto la kutaka dume, na kinyesi chake kimekuwa kigumu chenye vipande virefu vya mabua. Juzi nilimkuta akitafuna mfupa ulioachwa na mbwa. Muuzaji wa dawa za mifugo aliniambia kwamba fosforasi itamwezesha kusaga mabua vizuri, akaniuzia jiwe la kulamba ambalo, nilipofika nyumbani na kuvaa miwani, niliona limeandikwa chumvi peke yake. Je, maelezo yake yana ukweli, au nimeuziwa maneno?

MfugajiUsa (Usa River)

Mama, kabla ya jambo jingine lolote, ondoa mifupa yote kwenye uwanja wa banda. Ng'ombe aliyepungukiwa fosforasi huitamani, na mifupa ya mizoga inaweza kubeba sumu ya botulizimu, ambayo humpooza na kumwua. Arnold Theiler aliuonyesha uhusiano huo Afrika Kusini mwanzoni mwa karne ya 20. Hata hivyo, kutafuna vitu vya ajabu hakuthibitishi upungufu huo peke yake, kwa kuwa ukosefu wa chumvi nao huleta tabia inayofanana.

BwanaLishe (Arusha)

Shikamoo mama. Muuzaji alisema kweli, ila alisema nusu. Ng'ombe mwenyewe hana uwezo wa kuvunja nyuzinyuzi za mabua. Wanaofanya kazi hiyo ni vijidudu wa tumbo kubwa, nao huhitaji fosforasi ili kutengeneza chembe zao mpya na kutumia nguvu inayotokana na chakula. Mate ya ng'ombe huirudisha fosforasi nyingi tumboni kila anapocheua, na kwa sababu hiyo vijidudu huchelewa kuathirika. Upungufu ukidumu, hata hivyo, mate yenyewe hupungukiwa fosforasi, usagaji hupungua, chakula hukaa tumboni muda mrefu, na ng'ombe hupoteza hamu ya kula.

Lakini mabua yamepungukiwa na protini kabla ya fosforasi. Chakula kikishuka chini ya takribani asilimia 7 ya protini, vijidudu hukosa naitrojeni ya kuzaliana, na mabua makavu kwa kawaida huwa chini ya kiwango hicho. Migomba nayo ni maji zaidi ya chakula (nasema hivi nikijua kwamba Kibosho nitapata maadui). Ukiongeza madini pekee, utakuwa umewapa mafundi misumari bila mbao. Naomba kujua: unawapa pumba kiasi gani?

KijanaNgaramtoni (Arumeru)

Mimi ningeshauri njia ya bei nafuu. Mwamba wa Minjingu ni fosforasi tupu na uko hapa jirani, barabara ya Babati. Usage, uchanganye na chumvi, kazi imekwisha.

BwanaLishe

Tafadhali usifanye hivyo, mdogo wangu. Mwamba huo ni mbolea nzuri ya shambani, lakini una floridi nyingi, ambayo hujikusanya kwenye meno na mifupa ya mnyama hadi akashindwa kutafuna na akachechemea. Sisi wa miteremko ya Meru, ambao maji yetu yenye floridi tayari yanatupaka meno rangi ya kahawia, hatupaswi kuhitaji maelezo marefu. Magadi nayo si mbadala, kwani yana sodiamu lakini hayatoi fosforasi ya maana.

MamaKihamba

Marahaba, baba. Nilikuwa nampa kilo 3 za pumba za mahindi, lakini bei ilipopanda nilipunguza hadi nusu kilo. Mashudu ya alizeti niliyaacha kabisa.

BwanaLishe

Hapo ndipo tatizo lilipoanzia, mama. Pumba na mashudu ndivyo vilivyokuwa vikimletea fosforasi na protini kwa pamoja, na ingawa sehemu kubwa ya fosforasi ya pumba imefungwa kwa namna ambayo kuku huipata kwa shida, vijidudu wa ng'ombe huifungua vizuri. Tazama hesabu: lita 1 ya maziwa hubeba karibu gramu 0.9 za fosforasi, kwa hiyo lita 8 humtoa gramu 7 hivi kila siku, mbali na zile zinazopotea kwenye kinyesi. Kilo 9 za mabua yenye asilimia 0.1 ya fosforasi humpa gramu 9, na si zote zinazoingia mwilini.

Rudisha pumba hadi kilo 2 na mashudu kilo 1, ukiongeza kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja. Tafuta madini ya ng'ombe wa maziwa ambayo kibandiko chake kinataja asilimia ya fosforasi. Ukipata DCP (unga wa madini ya kalsiamu na fosforasi) yenye asilimia 18 ya fosforasi, gramu 50 kwa siku zitampa gramu 9. Usiache kuangalia kalsiamu, kwa kuwa pumba zina kidogo sana. Kama una lukina (mti wa malisho wa jamii ya kunde) kwenye mipaka ya kihamba, yaani shamba lako la nyumbani, changanya majani yake na mabua yaliyokatwa mafupi.

MfugajiUsa

Naongeza kwamba daktari wa mifugo achunguze kizazi chake na minyoo pia, kwa sababu kuchelewa kwa joto kuna visababishi vingi.

MamaKihamba

Nashukuru. Lukina ninayo upande wa mfereji, nilikuwa naikata kuni. Mashudu nitanunua Jumamosi sokoni, nami nitaanza kupima maziwa asubuhi na jioni na kuandika, kisha nitarudi hapa baada ya wiki tatu.

BwanaLishe

Andika pia urefu wa vipande unavyoviona kwenye kinyesi, mama. Vikianza kufupika kabla maziwa hayajapanda, usishangae.