MJADALA: Mfuko wa kupinga ubaguzi huku Kusini, nani ashike kalamu ya kugawa pesa?

Mleta mada (Lindi mjini)

Wadau habari za saa hizi. Kuna kikundi hapa Lindi na Mtwara, mchanganyiko wa kina mama wa VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa), walimu wastaafu, vijana wa bodaboda na wanasheria wawili, tunataka kuanzisha mfuko mdogo wa haki za jamii ugawe pesa kwa vikundi vya mtaani vinavyopinga ubaguzi, wa rangi, wa kabila, wa ukoo. Rasimu ya katiba ipo, tumekwama ukurasa wa misingi. Imeandikwa "mfuko utaishirikisha jamii katika hatua zote" halafu basi, nukta. Nani anakaa mezani, nani ana kura, mtu wa Kitangari huko Newala akikataa jambo linasimama au linaendelea, hamna.

Msimamo wangu nautoa mapema ili mnichape vizuri. Nataka iandikwe kwamba zaidi ya nusu ya kamati ya kugawa pesa ni watu wenyewe waliobaguliwa, na bodi haina ruhusa ya kutengua walichoamua labda uwe wizi umeonekana. Hili limeshafanyika mahali. Boston kule Marekani kuna Haymarket People's Fund, ulianzishwa 1974 na vijana waliorithi hela za familia zao, wakasema hela tunatoa sisi ila kugawa wagawe wanaharakati wa mitaani wa majimbo ya New England. Kauli yao ilikuwa mabadiliko, sio sadaka, na baadaye wakajitangaza wazi kuwa mfuko wa kupinga ubaguzi wa rangi. Tajiri katoa hela na kalamu kaiachia, hapo ndo pagumu.

Juzi nilihudhuria semina moja hivi, mwandaaji simtaji, karatasi ya malipo ikapita mkononi kwangu. Mama katoka kijijini huko mpakani kuja kusimulia anavyoitwa Mmozambiki kila akifuatilia kitambulisho cha taifa, jina lake liko safu ya "nauli", elfu kumi. Mtaalamu aliyekaa akiandika maneno ya yule mama yuko safu ya "posho ya siku" na hoteli kalipiwa, tena kasaini siku tatu wakati semina ilikuwa moja. Ukutani kulikuwa na bango zuri tu la usawa. Mimi nasema misingi ya taasisi kaisome kwenye ile karatasi. Nawasilisha.

Korosho Ghafi (Masasi)

Mkuu ubaguzi wa rangi gani Masasi bana? Wote weusi hapa, mzungu wa mwisho kumuona alikuwa padri tena anaongea Kimakonde kunishinda mimi. Hayo ya Boston waachieni wa Boston. Shida yetu ni bei, pembejeo, na makato ya AMCOS, chama chetu cha ushirika, ambayo ukiuliza unaambiwa yamepitishwa na mkutano mkuu, mkutano wenyewe hukuuona. Mkipata hela leteni salfa tupulizie mikorosho, ubaguzi tutaujadili tukishavuna.

Binti Kilwa

Kaka Korosho nimekusoma nikacheka halafu nikakasirika. Vita ya Majimaji dhidi ya Mjerumani ilianzia kwetu huku vilima vya Matumbi mwaka 1905, watu walikuwa wanalimishwa pamba kwa kiboko, na aliyepigwa kiboko alipigwa kwa sababu ni mweusi, hamna sababu nyingine. Kinjikitile Ngwale, mganga aliyewapa watu ile dawa ya maji, kanyongwa mwaka huohuo. Wanahistoria wanakadiria waliokufa kwa vita na ile njaa ya kuchomewa mashamba ni kati ya 200,000 na 300,000. Rais wa Ujerumani kaja kuomba msamaha Songea 2023, zaidi ya miaka mia baadaye. Sasa wewe unasema ya Boston.

Na hayo makato yako ya AMCOS unayolalamikia, shida si kwamba umeamuliwa bila kuwepo? Mleta mada anaongea hichohicho.

Ila mimi ninalo langu na hili hamlisemi. Kaka yangu alipeleka posa kwa watu humu humu pwani, dini moja, lugha moja, barua ikarudi. Tukaja kusikia pembeni kwamba bibi yetu mzaa baba "hakuwa muungwana". Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, na Mwingereza, na mpaka leo kuna mtu anakaa barazani anahesabu nani bibi yake alinunuliwa. Kwa hiyo mkiandika misingi inayomsema Mjerumani tu mimi sisaini.

Mzee wa Newala

Wanangu, amani. Binti Kilwa umesema kweli na limeniuma. Niongeze la Wamakonde. Wenzetu wa Kwale, Kenya, wazee wao walitoka Msumbiji kwenda mashamba ya mkonge na miwa zama za Mwingereza, wakazaa, wakazika, vizazi vyote hivyo hawana kitambulisho. Mwaka 2016 wakatembea kwa miguu kwenda Nairobi kumuona rais, ndipo wakaanza kupewa vitambulisho na kutambuliwa kabila la 43. Hakuna mtaalamu aliyetembea kwa niaba yao.

Lakini mleta mada, mwanangu, nina wasiwasi na hiyo zaidi ya nusu yako. Mtu aliyebaguliwa naye ana shemeji. Nimekaa kwenye kamati za shule, za maji, za msikiti, najua inavyokuwa. Mkiwapa kalamu bila kuweka mlango wa kutokea, miaka mitano kamati itakuwa ya ukoo mmoja, na ukiwauliza watakujibu "sisi ndio wahusika". Hapo utafanyaje?

Mdau wa Mikindani

Mi naona mnazunguka, swali ni hela za nani. Nasikia kuna wafadhili wa Ujerumani wameshapiga hodi. Wadau, Tendaguru iko hapo Lindi vijijini. Kuanzia 1909 mpaka 1913 Wajerumani wamechimba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale (dinosaria), zaidi ya tani 200, wapagazi wetu wameibeba kichwani na mabegani mpaka bandarini Lindi. Mjusi mkubwa kasimama kwenye makumbusho Berlin mpaka leo, mita 13 kwenda juu, watu wanakata tiketi. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, muulize mwanafunzi yeyote wa Lindi kama analijua hilo jina. Halafu hao hao watupe milioni kadhaa tupige nao picha? Tuchangishane buku buku. Mwaka 2013 watu wameumia Mtwara hapa kwa sababu ya gesi, maamuzi yalifanyika mbali sisi tukaletewa taarifa. Hela ya mbali ina maamuzi ya mbali.

Mleta mada

Nawajibu kwa mkupuo maana chaji inaisha na umeme hamna.

Mzee wangu, shikamoo. Mlango wa kutokea tumeujadili, mjumbe anakaa miaka miwili hagombei tena mfululizo, na ombi la kikundi chenye ndugu yake likisomwa anatoka nje, kihalisi yaani anatoka chumbani sio anakaa kimya kwenye kona. Ukiona haitoshi ongeza.

Mdau, buku buku tunaipenda, ila kikundi cha wanawake wa mpakani kikihitaji wakili kesho buku zetu zitafika lini? Mimi naona hela ya Mjerumani ichukuliwe, ila barua yao iseme hawana kura na hawachagui kikundi, wakikataa waende. Na tutaibandika barua yenyewe kwenye mbao za matangazo za vijiji, kiasi na masharti, kila mtu asome. Kisheria mkataba wa msaada ukizidi milioni 20 unapelekwa kwa msajili wa NGO, sasa kama msajili anauona kwa nini mwanakijiji asiuone? Na Boheti umenipa wazo, ila hilo tuliongee pembeni.

Binti Kilwa, la muungwana na mtumwa linaingia kipengele cha kwanza, sio mwishoni. Kuna wajumbe wawili watanuna. Wanune.

Ndanda Boy

Kuna kanuna, samahani, kanuni za Jemez, wanaharakati wa Marekani waliziandika New Mexico 1996, ziko sita tu na mojawapo ni watu wajisemee wenyewe. Someni hizo badala ya kuandika kurasa kumi na nne. Halafu mbona hamjasema posho ya kamati ni kiasi gani?

Mleta mada

Posho ni moja kwa wote, wakili na mama ntilie sawa, nauli kwa risiti. Mwanasheria mmoja kashatishia kujitoa.

Korosho Ghafi (Masasi)

Ajitoe. Haya nimewaelewa nusu. Ila swali la mwisho, Mhindi mwenye duka hapa Masasi, kazaliwa hapa, baba yake kazikwa hapa, kila siku anaambiwa arudi kwao. Akiomba kiti kwenye hiyo kamati ya waliobaguliwa mtampa?

Binti Kilwa

Mpeni fomu. Na wale vibarua wake anaowaita "boi" nao wapeni, wakae meza moja.

Korosho Ghafi (Masasi)

Hicho kikao nakuja, nauli najilipia.