Grafu ya tabia ya mwanafunzi imetoka meno ya msumeno, nisaidieni kabla fimbo haijarudi

Ticha_Uyole
Wakuu habari za jioni, huku Mbeya baridi imeanza kung'ata nawaandikia nimekaa pembeni ya jiko la mkaa. Nafundisha hisabati darasa la nne, watoto 87 chumba kimoja. Kuna kijana mmoja, jina tuliache, kukaa kwenye dawati kwake ni mtihani, anainuka, anazunguka, anagonga madawati ya wenzie, ukigeukia ubao tu keshafika mlangoni. Mwezi uliopita tulikaa mimi, mama yake na mwalimu mkuu tukakubaliana mpango: akae mbele, yeye ndo agawe na kukusanya madaftari, na kipindi akitulia namsainia kwenye kidaftari anapeleka nyumbani. Mkuu akasema sawa ila anataka ushahidi, la sivyo tunarudi kwenye utaratibu wetu wa zamani (mnaujua).

Basi nikaanza kuhesabu kila akiinuka bila ruhusa. Wiki iliyopita Jumatatu 9, Jumanne 4, Jumatano 11, Alhamisi 5, Ijumaa 8. Nikachora kwenye daftari la miraba ikatoka kama meno ya msumeno. Mkuu kaiangalia akacheka, eti hii ni milima ya Livingstone sio maendeleo. Swali langu, mpango umefeli au mimi ndo sijui kuchora?

mama_wa_Kihesa
Pole ticha. Mimi nipo Iringa nilisomea elimu maalumu pale Patandi, haya mambo nimeyachora mpaka usingizini. Kabla hatujahukumu mpango nijibu kwanza, vipindi vyako vina urefu sawa kila siku?

Ticha_Uyole
Hapana dada, Jumatatu Jumatano na Ijumaa nina dabo, dakika 80. Jumanne na Alhamisi kimoja tu cha 40.

mama_wa_Kihesa
Ndo hapo sasa. Meno ya msumeno umeyachonga mwenyewe 😄 Mara 9 ndani ya dakika 80 huwezi kuziweka kando ya mara 4 ndani ya dakika 40 ukasema moja kubwa moja ndogo. Geuza zote ziwe kwa saa: Jumatatu inakuwa 6.75, Jumanne 6, Jumatano 8.25, Alhamisi 7.5, Ijumaa 6. Chora tena uone, milima imekuwa matuta ya viazi. Kwa hiyo kijana wako yuko kwenye sita mpaka nane kwa saa, hajapanda wala hajashuka.

Lakini kuna shimo kubwa zaidi na hili ndo litakuua mbele ya mkuu. Kabla ya mpango ulihesabu?

Ticha_Uyole
Hapo umenikamata. Sikuhesabu, nakumbuka tu ilikuwa balaa.

mama_wa_Kihesa
Balaa haichoreki ticha. Ilitakiwa siku tatu mpaka tano uhesabu hujagusa kitu, hizo nukta zinakaa kushoto, halafu siku mpango unapoanza unapiga mstari wa wima wa vitone kutoka juu mpaka chini, na nukta za kushoto na za kulia HUZIUNGANISHI. Mtu akiangalia anaona kabla na baada bila wewe kufungua mdomo. Marekani kufanya uchunguzi wa tabia na mpango wa namna hii kumo kwenye sheria yao ya elimu ya watoto wenye ulemavu tangu marekebisho ya 1997, mzazi anaweza kuuliza data ziko wapi. Sisi hakuna anayetuuliza ndo maana tunaanzia katikati.

Kuna njia ya kujiokoa lakini. Usisimamishe mpango eti ukahesabu upya. Tafuta mwalimu mwingine anayemfundisha, tuseme wa Kiswahili, ambaye huo mpango hautumii. Muombe ahesabu wiki nzima bila kubadilisha chochote, halafu wiki inayofuata naye aanze. Unachora grafu mbili, moja juu ya nyingine, yako na yake. Ya kwake ikishuka pale pale alipoanza mpango na sio kabla, huo ushahidi mkuu hawezi kuucheka.

mkulima_Makambako
Mnanichekesha. Watoto 87 halafu ticha ahesabu mmoja anainuka mara ngapi? Sisi tulichapwa tukakaa, leo ni watu wazima na mashamba ya parachichi tunayo

mama_wa_Kihesa
Kaka hata hiyo fimbo ina kanuni yake, viboko visizidi vinne, achape mwalimu mkuu au aliyempa idhini kwa maandishi, na iandikwe kwenye kitabu. Kwa hiyo kuandika utaandika tu 😂

Fundi_wa_Tukuyu
Mkulima ana hoja kidogo kwenye muda tusimbeze. Mimi nilikuwa na darasa la 94, nilikuwa naweka punje za mahindi mfuko wa kushoto wa koti, kila tukio nahamisha moja mfuko wa kulia, naendelea kufundisha hamna anayejua. Kengele ikilia nazihesabu naandika. Siku darasa limechemka kabisa nilikuwa sihesabu kila tukio, natega simu itetemeke kila dakika 5, ikitetemeka nanyanyua macho, yupo kwenye dawati au hayupo, basi. Unapata asilimia badala ya idadi, ila usichanganye hizo mbili kwenye grafu moja utajichanganya mwenyewe.

Ticha lingine, akiinuka wewe unafanyaje?

Ticha_Uyole
Mara nyingi namtoa nje, asimame kwenye korido mpaka atulie.

Fundi_wa_Tukuyu
Na anainuka wakati gani hasa, mwanzo wa kipindi au ukishaandika maswali ubaoni?

Ticha_Uyole
Duh. Nikishaandika maswali. Hasa ya hesabu za sehemu, zile nusu na robo.

Fundi_wa_Tukuyu
Sasa soma ulichoandika. Hesabu za sehemu zinamshinda, anainuka, unamtoa, hesabu zimekwisha. Anapata anachokitaka na wewe ndo unampa. Saini kwenye kidaftari haiwezi kushindana na korido yenye jua. Jaribu siku tatu kuandika vitu vitatu tu kwa kila tukio: nini kilitangulia, alifanya nini, baada yake kikatokea nini. Ukiona ni hesabu kweli, mpe njia nyingine ya kusema nimekwama. Mimi nilitumia kizibo cha soda, akikiweka juu ya dawati naenda kumsaidia swali moja. Na kumtoa nje unaacha. Siku mbili tatu za mwanzo anaweza kuzidisha, atakujaribu, usikate tamaa hapo.

Ticha_Uyole
Nimerudi wakuu, wiki mbili zimepita. Nimeandika vitu vitatu kama fundi alivyosema, matukio 17, na 13 yalikuja baada ya maswali ya sehemu kwenda ubaoni. Nikapiga mstari wa vitone, nikaanza kizibo, korido nikaifunga. Kwa saa ikaenda 9, 10.5, siku hiyo nusura niite fimbo mwenyewe, halafu 6, 4.5, 3.75. Mwalimu wa Kiswahili amekubali kuhesabu ila kasema mahindi yanamchafulia pochi anatumia maharage.

Mkuu kaiona. Hajacheka. Kauliza kwanini nukta mbili baada ya mstari zimepaa, nikamweleza, akasema tuongeze wiki mbili. Aliyenishangaza ni mama yake, kaniambia mtoto nyumbani sehemu anafundishwa na dada yake kwa kukata viazi.

Ila kuna siku moja katikati kijana hakuja shule, homa. Hiyo siku niweke sifuri?

mama_wa_Kihesa
Usiweke sifuri hata kidogo! Sifuri maana yake alikuwepo na akatulia kipindi kizima. Siku hiyo iache wazi, na mstari usiuvushe juu ya pengo.