Naomba ushauri: moyo wa pili wa chura hauitiki

Wakuu, salaam kutoka Moshi. Tunaandaa onyesho la wanafunzi la jaribio la Otto Loewi la 1921, lile lililoonyesha kwamba neva huongea na moyo kwa kemikali. Mioyo miwili ya chura, kila mmoja kwenye Ringa yake, yaani maji ya chumvi ya kuuweka moyo hai (kwa lita: chumvi gramu 6.5, kloridi ya potasiamu 0.14, kloridi ya kalsiamu 0.12, bikaboneti ya sodiamu 0.2).

Moyo wa kwanza hauna shida. Tukiipiga neva ya vegasi (ile inayopunguza mapigo ya moyo) volti 5, mara 20 kwa sekunde, kwa sekunde 10, unashuka kutoka mapigo 52 hadi 20 hivi. Tukihamishia maji yake kwenye moyo wa pili, huo unadunda tu kama hakuna kilichotokea.

Si kwamba ni mbovu: tone la asetilkolini ya chupa (kemikali ileile inayotolewa na vegasi) linausimamisha, na atropini, dawa inayoizuia, inaurudisha. Maji tumeyapunguza kutoka mililita 5 hadi 1, tunahamisha ndani ya sekunde 5. Wapi!

Nashuku joto. Chumba kinafika nyuzi 28, na kolinesterasi, kimeng'enya cha mwilini, hukata asetilkolini upesi zaidi kukiwa na joto. Loewi alikuwa Graz, Austria, bwana, si huku kwetu.

Sasa naomba kujua: nikipoza Ringa kwa barafu hadi nyuzi 12, neva itaendelea kuitika au niipige muda mrefu zaidi? Na neostigmini ya sindano, dawa ya kuizuia kolinesterasi, niweke kiasi gani kwa mililita moja bila kuupunguza kasi moyo wa pili kabla hata hatujaanza?