Neva za matao ya koo: nianze na samaki, kuku au binadamu?

Binti_Kisumu: Wadau, nakaribia mtihani wa embriolojia, yaani somo la ukuaji wa kiinitete (kiumbe kichanga ndani ya yai au tumbo). Nimekariri kwamba kwa wenye uti wa mgongo, kati ya matao ya koo (mikunjo ya shingoni mwa kiinitete), tao la kwanza lina neva ya 5 kati ya zile zinazotoka ubongoni, la pili ya 7, la tatu ya 9, la nne na la sita ya 10. Nimekariri tu, sioni. Nianze na kiinitete kipi?

Maabara_Nakuru: Kuku! Atamisha yai siku 3 hivi, lipasulie kwenye maji ya chumvi ya uvuguvugu. Utaona moyo unadunda, na chini ya jicho mikunjo midogo imefuatana. Hayo ndiyo matao. Kwa binadamu hutokea wiki ya 4 na ya 5, utaishia kuyaona mchoroni. Ila neva za kifaranga zataka rangi na darubini.

Mvuvi_Dunga: Kuku haoti matamvua (viungo vya kupumulia majini), kwa hiyo hakuonyeshi mpangilio huu una kazi gani. Samaki hubaki nao hadi utu uzima. Neva ikifika kwenye mwanya wa tamvua inaupanda kama mtu aliyepanda baiskeli: tawi moja mbele, jingine nyuma, na la nyuma ndilo linaloendesha misuli ya tao. Nunua ngege (tilapia), inua kifuniko: matamvua 4 kila upande. La kwanza ni la neva ya 9, yanayofuata ni ya 10.

Mifugo_Kakamega: Angalia hesabu hapo, wengi huanguka. Tamvua la kwanza ni tao la TATU, maana la kwanza lilishakuwa taya na la pili linashikilia ulimi.

Mamalia nao wasiachwe, wao huonyesha jinsi neva isivyoacha misuli yake. Misuli ya kukunja na kukunjua uso ilitoka tao la pili, ikatambaa hadi kwenye paji la uso na neva ya 7 ikaifuata. Tawi la neva ya 10 la tao la sita lilipita chini ya mshipa wa damu wa tao hilo. Moyo uliposhuka kifuani, likavutwa nao. Wale twiga wa mbuga ya Ziwa Nakuru, neva hiyo inashuka shingo nzima, inazunguka mshipa karibu na moyo, kisha inapanda tena hadi kwenye zoloto (kisanduku cha sauti kooni).

Binti_Kisumu: Asanteni sana. Jumamosi ngege, kisha mayai. Na tao la tano?

Mifugo_Kakamega: Kwa binadamu halikui, au huchomoza kidogo likapotea. Ndiyo maana unaruka kutoka 4 hadi 6.