MJADALA: Wanafunzi wa kidato cha tano Tabora wahimizwe kusoma somo la chuo wakiwa bado shuleni?

Mleta mada (mzazi, Tabora mjini)

Wadau, nina kijana kidato cha tano, anasoma HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza). Ana akili ya hesabu za biashara, lakini tahasusi yake, yaani mkondo wa masomo yake, haina hata BAM, zile hesabu za msingi. Kwa miaka miwili mlango huo umefungwa, na ana miaka 17 tu.

Marekani mwanafunzi wa sekondari anaweza kusoma somo la kiwango cha mwaka wa kwanza wa chuo akiwa shuleni kwake. Utaratibu wao mmoja unaitwa Advanced Placement, uko chini ya College Board tangu miaka ya 1950. Mtihani hufanyika mwezi wa tano, alama ni 1 hadi 5, na vyuo vingi humhesabia somo aliyepata 3 na kuendelea. Wengine huenda kukaa darasani chuoni kabisa.

Sisi Tabora tuna chuo kikuu kishiriki cha AMUCTA, Chuo cha Reli, Chuo cha Nyuki na Chuo cha Utumishi wa Umma, vyote mjini. Reli ya Kati ilifika hapa 1912, sasa inajengwa ya kisasa, SGR, na vijana wa PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) wanamaliza shule bila kukanyaga karakana ya reli. Wa CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia) naye amezungukwa na miombo na asali, ufugaji nyuki anausikia redioni. Kwa nini asisome somo moja huko, likahesabiwa akienda chuo? Naunga mkono kwa asilimia zote. Karibuni.

Mwalimu wa hisabati, Nzega

Ndugu mzazi, nakuheshimu ila napinga. Sekondari ya Wamarekani haina kidato cha tano na sita kama chetu. Advance yetu, yaani hicho kidato cha tano na sita, tayari inagusa mambo ya mwaka wa kwanza wa chuo. Muulize yeyote aliyesoma PCM.

Halafu hesabu muda. Tano wanaripoti Julai, mtihani wa taifa wa sita ni Mei. Hiyo si miaka miwili. Silabasi tunaimaliza kwa kukimbizana, tena kwa vipindi vya usiku. Tahasusi zimeongezwa mwaka 2024 mpaka 65, walimu hawajaongezeka kwa kasi hiyo. Ukileta somo la chuo, la kwanza kuumia ni Advanced Maths.

Mwaka wa kwanza chuoni, zamani HGL

Naunga mkono. Nilifika chuo nikakutana na takwimu wiki ya kwanza. Wenzangu wa EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) walikuwa wanapumua, mimi nilikuwa nalia hosteli. Ningepata hata muhula mmoja wa kuonja, ningejipanga.

Mzazi, Kaliua

Nani analipa? Ada ya kidato cha tano na sita ilifutwa 2022, msiirudishe kwa mlango wa nyuma. Huko Marekani mtihani mmoja wa hiyo Advanced Placement ni karibu dola 100. Sisi wa tumbaku hela tunaiona msimu ukifika, tena ikishakatwa deni la pembejeo. Na Kaliua hatuna chuo cha jirani. Mtasaidia watoto wa mjini, wetu wabaki wanatazama.

Mleta mada

Mzazi wa Kaliua, hoja yako ndiyo nzito kuliko zote hapa, na bila kuijibu mpango huu haufai kuanza. Mchango wowote wa mzazi uwe marufuku. Kwa shule za mbali, mkufunzi awafuate wanafunzi wakati wa likizo, walale bwenini pale pale. Chuo kisichoweza hilo kisipewe kibali.

Mwalimu, ugumu wa Advance siupingi. Kinachoniuma ni wembamba wake: masomo makuu matatu, basi. Ndiyo maana nasema somo moja, tano tu, sita wasiguswe. Na wasimamizi wa vyuo, TCU kwa vyuo vikuu na NACTVET kwa vyuo vya kati, watoe kwanza mwongozo wa kulihesabu. Bila mwongozo huo, somo ni mzigo mtupu, na hapo nitasimama upande wako.

Mkufunzi akija Jumamosi, bado unapinga?

Mwalimu wa hisabati, Nzega

Jumamosi ni ya ziada na usafi, lakini inapangika. Hofu yangu ni hilo neno "wahimizwe". Likifika kwa maafisa elimu litakuwa idadi: shule yako imepeleka wangapi, jirani kapeleka wangapi. Tutaanza kuburuta hata mtoto anayepambana kupata D mbili za kumfikisha chuo kikuu.

Weka hivi: anaomba mwenyewe, mwalimu wake wa somo anaridhia, na hakuna taarifa ya idadi inayopelekwa popote. Kwa masharti hayo shule yangu ianze nayo Januari, muhula wa pili wa tano, na mimi nitawaachia darasa.