Mjadala: Spika kubwa uwanjani zinaongeza hamasa au zinaiua?

Mleta mada (Mtwara Mjini)

Ndugu wanajamvi,

Naomba tulijadili jambo ambalo kila anayekwenda kutazama mpira katika viwanja vya Kusini, iwe Nangwanda Sijaona hapa Mtwara, Ilulu kule Lindi au Majaliwa kule Ruangwa, hakosi maoni juu yake. Imekuwa kawaida katika mashindano ya mitaa, na desturi hiyo inapanda kidogo kidogo kwenda kwenye mechi kubwa zaidi, kwamba waandaaji wakitaka uwanja uchangamke hukodi spika, humweka mshereheshaji mwenye kipaza sauti, na muziki huendelea kupigwa hata baada ya mpira kuanza. Wanaotetea utaratibu huo husema hakuna atakayelipa kiingilio aje akae kimya kama yuko msibani. Mimi nasema muziki kabla ya mchezo na wakati wa mapumziko hauna ubaya wowote, lakini mpira ukishaanza kutembea, spika inaua kile kile ilichokodiwa ikilete.

Kelele nzuri ya uwanjani ni ile inayojibu kinachotokea. Beki wa pembeni akimnyang'anya mtu mpira karibu na mstari, wa kwanza kupiga kelele ni watu kumi walio jirani naye, kisha walio nyuma yao, na kabla winga hajaupokea mpira huo upande mzima wa mzunguko, yaani majukwaa ya watu wa kawaida, umekwisha kusimama. Winga anasikia, na safari hii anathubutu kumwendea yule beki ambaye muda mfupi uliopita alimwogopa akaurudisha mpira nyuma. Spika haina macho. Wimbo hufika kwenye kiitikio wakati mpira umetoka nje kwa kurushwa, na bao la kusawazisha huingia mshereheshaji akiwa anamtaja mdhamini wa jezi.

Katika mashindano fulani hapa mjini niliiona tofauti hiyo kwa karibu. Vijana wanne walikuja na ngoma, wakawasha moto wa maboksi nje ya ukuta ili ngozi zikaze, wakawa wanazigonga kwa kidole na kuzirudisha motoni mpaka sauti ikapanda walivyotaka. Walipoingia walikaa nyuma ya goli. Mpigaji wa ngoma kubwa hakuitazama mikono yake hata mara moja. Macho yake yote yalikuwa kwenye mpira. Timu yao ilipokuwa inajilinda, alipiga mapigo mazito yenye nafasi, na mpira ulipovuka nusu ya uwanja ngoma ndogo ziliingia, na watu ambao hawajawahi kucheza sindimba maishani mwao walijikuta wanapiga makofi kwa mwendo huo huo. Kipindi cha pili spika ikafunguliwa. Walishindana nayo kidogo, kisha mwenye ngoma kubwa akailaza chini na kuikalia.

Yupo atakayesema kelele ni kelele, na mchezaji hajali imetoka wapi. Tukumbuke kwamba Ligi Kuu ya Ujerumani iliporejea tarehe 16 Mei 2020, viwanja vikiwa vitupu kwa sababu ya korona, timu za nyumbani zilishinda mara chache kuliko kawaida, na watafiti waliochunguza mechi za kipindi hicho barani Ulaya walikuta pia kwamba waamuzi walipunguza kadi walizokuwa wakiwaonyesha wageni. Sauti za mashabiki zilizorekodiwa ziliwekwa kwenye matangazo ya televisheni, lakini hizo zilikuwa faraja ya waliokaa sebuleni.

Nakaribisha hoja, hasa za wanaonipinga.

Mchangiaji (Masasi)

Ndugu mleta mada, hoja yako inamhusu mtu ambaye tayari yumo uwanjani, wakati mimi namfikiria yule ambaye hayumo. Jumamosi jioni kijana wa huku ana kibanda umiza kinachoonyesha ligi ya Uingereza, chenye kivuli na marafiki zake wote, kwa hela ndogo kuliko kiingilio cha mechi ya daraja la chini. Spika inasikika mpaka stendi, na ndiyo inayomwambia kwamba leo kuna jambo. Ukiizima, ngoma zako nne zitawapigia watu wachache waliokaa mbalimbali.

Lakini nina hoja nzito zaidi ambayo umeipita. Ndanda, timu ya huko kwenu Mtwara, ilipokuwa Ligi Kuu, kuanzia msimu wa 2014/15 hadi iliposhuka mwaka 2020, siku ambazo Nangwanda ilijaa kweli kweli ni zile walizokuja Simba au Yanga. Watu walisafiri kutoka Newala, Tandahimba na huku kwetu, wengi wao wamevaa nyekundu, au njano na kijani. Ndanda, Wana Kuchele wenyewe, walikuwa wenyeji kwa ratiba tu. Nami siwalaumu hao watu. Yanga ni ya mwaka 1935 na Simba ya 1936. Mtu ameurithi upande wake kwa babu aliyekuwa akisikiliza mpira redioni, hawezi kuutupa urithi huo kwa kuwa timu ya mkoa imepanda daraja jana. Sasa, kwa kipimo chako cha kelele inayojibu mchezo, siku hizo uwanja ulijibu vizuri sana, ila ulimjibu mgeni. Katika hali kama hiyo spika ya mwenyeji ndiyo sauti pekee inayomkumbusha mchezaji wetu kwamba yuko kwao. Ukimnyang'anya na hiyo, umemwachia nini?

Mchangiaji (Lindi)

Kaka mleta mada, umeeleza ngoma vizuri, lakini hujagusa kinachotuweka nyumbani kina mama wengi, nacho ni matusi. Utani ninauelewa, sisi watu wa Kusini tumekulia humo mpaka kwenye misiba. Anayemwimbia kipa wa wageni kwamba mikono yake imepakwa mafuta ya ufuta hajamkosea mtu. Lakini mzunguko unapoanza kumtukana mama mzazi wa mwamuzi, na mimi nimekaa na mwanangu wa darasa la pili, ninachoweza kufanya ni kuondoka. Nimewahi kumwona mshereheshaji akiukata wimbo wa namna hiyo kwa kuanzisha mwingine, na watu wakamfuata. Hilo ngoma haiwezi.

Tena kuna usalama. Tarehe 9 Mei 2001 uwanjani Accra, nchini Ghana, watu zaidi ya 120 walikufa baada ya polisi kurusha mabomu ya machozi na umati kukimbilia mageti yaliyofungwa. Kwangu mimi spika ibaki, tena iwe inayosikika kila kona, na anayeishika awe mtu mwenye akili timamu.

Mchangiaji (Ruangwa)

Ndugu zangu, mnabishania spika na ngoma, ilhali hamasa huletwa na mazoea. Namungo, timu yetu ya hapa Ruangwa, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019. Msimu wake wa kwanza tu ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, ikafungwa na Simba mabao 2-1 mjini Sumbawanga mwezi Agosti 2020, kisha Namungo hao hao, Wauaji wa Kusini, wakaingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Mechi za nyumbani za hatua hiyo zilichezwa Dar es Salaam. Kwa hiyo mtu wa Ruangwa au Nachingwea, aliyeifuata timu tangu madaraja ya chini, mechi kubwa kuliko zote aliziangalia kwenye kioo. Mashabiki wa namna hiyo huwezi kuwahamishia Dar kwa spika wala kwa ngoma.

Hapa kwetu mji ni mdogo, na mchezaji hununua chapati pale pale ninaponunua mimi. Nikimwita kutoka jukwaani, simwiti kwa jina la mgongoni. Namwita kwa jina analoitwa mtaani, naye hugeuka. Wazee wetu wana mahali pao pa kukaa, na asipoonekana mmoja wao watu huulizana kama anaumwa. Ukiwa na watu mia tatu wa aina hiyo, wanaokuja mvua ikinyesha na timu ikifungwa, wengine elfu mbili wakija siku ya mechi kubwa watajua wimbo waitikie upi. Ukiwakosa hao mia tatu, leta spika za Kariakoo nzima.

Na tuseme ukweli kuhusu fedha, kwa sababu mazoea yanalipiwa. Ligi huanza Agosti na kuendelea mpaka Mei au Juni, lakini mfuko wa mtu wa huku unafuata minada ya korosho. Novemba, malipo ya korosho kupitia vyama vikuu vya ushirika, RUNALI huku, au MAMCU na TANECU kwenu, yakianza kuingia, kiingilio hakimsumbui mtu. Machi, akiba imekwisha na mtu yuko shambani, kiingilio ni kile kile, na ndipo uwanja unapopwaya. Vilabu vyetu viuze tiketi ya msimu mzima mwezi Novemba, kwa bei nafuu, mtu alipe mara moja hela ikiwa mkononi. Ila naomba isije ikageuzwa kuwa makato ya lazima kwenye AMCOS, vyama vyetu vya msingi vya ushirika. Makato tunayo ya kutosha.

Mchangiaji (Newala)

Naunga mkono hoja ya ngoma, lakini mleta mada atuambie kwanza nani ataziruhusu ziingie. Mlinzi wa geti alituambia ngoma inachukua nafasi ya mtu, kwa hiyo nayo ikatiwe tiketi.

Mleta mada (Mtwara Mjini)

Nashukuru kwa michango yenu. Dada wa Lindi, tangazo la usalama, la mtoto aliyepotea au la kuwaonya wanaotukana halijawahi kuwa muziki, na sijapinga kipaza sauti kiwepo. Ninachopinga ni wimbo kupigwa juu ya mchezo unaoendelea. Hata hivyo yule mshereheshaji aliyeukata wimbo wa matusi alifaulu kwa sababu watu walikubali kumfuata kwa midomo yao wenyewe, nami ningependa mtu wa aina hiyo akae ndani ya mzunguko pamoja nao kuliko kukaa kwenye meza kando ya uwanja.

Ndugu wa Masasi ameuliza swali gumu, na nadhani jibu lake limo kwa ndugu wa Ruangwa. Siku ya Simba au Yanga, spika ya mwenyeji haiwatishi mashabiki wa mgeni walioujaza uwanja. Wao huucheza tu muziki huo, kwa kuwa ni wimbo ule ule wanaoupenda wote. Kinachoweza kusikika mbele yao ni watu mia tatu waliokaa pamoja. Tatizo letu ni kwamba mashabiki wa timu ya nyumbani hutawanyika, wawili hapa, watano kule, kila mmoja akiona aibu kuanza. Borussia Dortmund ya Ujerumani ina jukwaa moja la kusini linalochukua karibu watu 25,000 waliosimama, na tiketi za hapo ni za bei nafuu kuliko za kukaa. Hatuna haja ya ukubwa huo, lakini mpangilio wake tunaumudu: sehemu moja ya mzunguko nyuma ya goli itengwe kwa wenye tiketi ya msimu, ile ya Novemba, na ngoma ziingie bure, ili ndugu wa Newala asikatiwe tiketi ya kifaa.

Najua pingamizi litakalokuja kutoka kwa viongozi wa vilabu. Siku ya Simba na siku ya Yanga, viti hivyo mia tatu vingeuzwa kwa bei ya juu na kumalizika mapema, na fedha ya siku hizo mbili hulipa mishahara na nauli ya kwenda mikoa ya mbali. Klabu itakayovitenga kwa watu wake itapoteza fedha hiyo, na mimi nasema ikubali kuipoteza. Anayeona vinginevyo aje na hesabu yake.